Mshenga Aliyefuta Alama

Mdomo ninao. Hilo sikatai, na hata nikikataa Mbaraki nzima itanicheka. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, na kazi hiyo haifanywi na bubu. Nikisimama mbele ya afisa aliyenuna, haupiti muda atakuwa anacheka na mimi na kontena la mtu limeachiliwa. Ndiyo maana ndugu yangu Kahindi alipotaka kumposa Mirriam, nyumbani hapakuwa na mjadala nani awe mshenga. Mama alitaja jina langu kabla hajameza chai iliyokuwa mdomoni.

Na mshenga kwetu si tarishi wa kupeleka salamu akarudi. Ndiye anayesema kwa niaba ya ukoo siku ya posa, ndiye anayekaa katikati wakati wa mazungumzo ya mahari, na ndoa ikishafungwa ndiye anayegongewa mlango watu wakigombana. Mzazi wa msichana akitaka kujua mwanawe anaishi vipi huko alikoolewa, humuuliza mshenga. Neno la mshenga ndilo analolala nalo.

Kahindi ni ndugu yangu wa pekee. Baba alitutoka yeye akiwa mdogo, na mimi ndiye niliyemsomesha, nikampiga, nikampangusa makamasi, mpaka akawa fundi wa mafriji anayeitwa na mahoteli. Ni mpole kiasi cha kuudhi. Yeye na Mirriam walipendana miaka mingi wakingoja babake Mirriam astaafu kazi ya reli huko Nairobi arudi Mombasa, maana mama mtu alishafariki na binti alikuwa amesema wazi haolewi babake akiwa mbali. Mzee alirudi baada ya Pasaka, akapanga nyumba Tononoka karibu na dada yake, akatuma neno kwamba tuje Jumamosi saa kumi jioni. Sisi hatukuwa tumemtia machoni bado.

Uchunguzi tulikuwa tumeufanya, kama ilivyo desturi. Huwezi kuposa nyumba usiyoijua. Nilikwenda mwenyewe Tononoka, nikakaa dukani nikijifanya nangoja mtu, nikanywa soda mpaka tumbo likajaa, nikauliza habari za Mirriam na shangazi yake hadi mwenye duka akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nilirudi na habari zote. Binti hana makuu, shangazi ana ulimi lakini ni mkarimu kwa majirani, mzee anasemwa vizuri na kila mtu. Nilijisifu wiki nzima kwa upelelezi ule. Haikunipitikia akilini hata mara moja kwamba na wao wana macho.

Jumamosi hiyo asubuhi Mama alinikuta mlangoni na raketi yangu.

"Thoya, leo? Leo ni siku ya watu, mwanangu. Kaa nyumbani utulie."

"Mama, mchezo ndio unaonilegeza ulimi. Nisipocheza nitakwenda huko nikiwa kama gogo."

"Haya. Usije tu ukaniaibisha."

Nikacheka. Tulikuwa tunakaa Bondeni, na mpaka nafika Mbaraki nilikuwa nimeshaipitia hotuba yangu ya posa njiani, nikaiona tamu kuliko halua.

Uwanja wetu si wa wakubwa. Uko nyuma ya nyumba za zamani za kampuni ambayo haipo tena. Ni udongo mwekundu uliosindiliwa, neti ina viraka vya wavu wa samaki, na mistari tunaichora wenyewe kwa chokaa kila Jumamosi. Refa hatuna. Watu kama sisi wanaocheza tenisi kwa raha zao wana sheria moja tu: mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye hakimu. Ukisema ndani, ni ndani. Ukisema nje, ni nje, na mwenzako atakubali hata kama roho yake inakataa. Bila hivyo tungekuwa tunapigana kila wiki.

Rafiki yangu Odera, mbishi mwenzangu wa bandarini, alinipokea akicheka.

"Thoya, bwanangu, leo umepata kiboko chako. Kuna mzee hapa anakuulizia."

Nilimwona. Mwembamba, soksi zimevutwa hadi karibu na magoti, raketi yake mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Mguu wa kushoto aliuburuta kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Thoya?"

"Ndiye mwenyewe."

"Nimeambiwa kila Jumamosi uko hapa, na kwamba wajua kucheza. Nikasema nije nikuone."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza, umeambiwa na nani? Mimi nilivimba kichwa. Nikajiambia, lo, kumbe jina langu limefika mpaka kwa wazee. Sikumuuliza hata lake.

Asubuhi upande mmoja wa uwanja jua linakupiga machoni. Niliuwahi ule mwingine, nikamwachia yeye jua.

"Mzee si wapenda joto?" nikamwambia. "Damu ichemke kidogo."

Akatabasamu, akaenda alikotumwa.

Nilianza kumtania tangu mpira wa kwanza, na sikunyamaza. Akikosa mpira, nilimwambia, "Pole pole mzee, mfupa wa umri huo ukivunjika hauungi." Akishika goti, nilimwambia, "Tukuletee kiti?" Odera na wengine waliokaa kwenye ukuta walicheka mwanzoni, nami nikiwasikia wanacheka ndio kwanza nikaongeza. Mzee aliendelea kucheza. Mpira wangu ukianguka upande wake karibu na mstari, alikuwa akiinama, anatazama, kisha anasema kwa sauti ya kusikika, "Ndani. Mzuri huo." Kuna mpira mmoja hata mimi niliona umetoka, yeye akasema jua limemzuia kuona vizuri, kwa hiyo uwe wangu. Haki ya Mungu, nilimdharau. Nikasema moyoni, huyu ni bwege, mchezo gani huu wa kugawa kama sadaka?

Tulipopumzika kunywa maji nikamuuliza, "Una watoto, mzee?"

"Ninaye mmoja. Msichana."

"Basi mwambie akununulie mkongojo, raketi aiuze."

Odera aliinamisha kichwa. Mzee alifunga chupa yake ya maji pole pole.

"Nitamwambia," akasema.

Lakini kumbe mzee alikuwa ananisoma. Mguu wake mbovu, sawa, ila mkono wake ulikuwa mzima. Baada ya kupumzika akaanza kunitupia mipira mifupi, nikikimbilia mbele ananirushia wa nyuma, nikirudi nyuma ananiletea wa pembeni. Mimi huyo, kulia, kushoto, jasho linanitiririka na mdomo umekauka. Ukutani walianza kumshangilia yeye. "Mzee huyo! Mfunze adabu!" Seti ya kwanza nilikuwa nimeichukua, ya pili akaichukua, na katika ya tatu ikafika mahali akibakisha pointi moja tu anishinde.

Nilijisikia vibaya sana. Mimi, mshenga, ambaye jioni ile ukoo mzima utatembea nyuma yangu, nishindwe na kizee kinachochechemea? Nikaona ni mkosi. Nikaona nikishindwa asubuhi, hata jioni maneno yataniganda kooni.

Akapiga. Mpira ukapita juu ya kichwa changu, nikageuka kuukimbilia, nikauona unaanguka. Ulianguka kwenye mstari wa nyuma, barabara. Chokaa iliruka. Nikaona vumbi jeupe likipanda na kutulia, na alama ya mpira imekaa juu ya mstari, imeukata mstari katikati.

Mdomo wangu ukasema, "Nje!"

Nasema mdomo wangu kwa sababu ulinitangulia. Lakini mguu wangu haukunitangulia, huo niliutuma mwenyewe. Nilisogea nikasimama pale pale, nikaisugua ile alama kwa kiatu, kama mtu anayejinyoosha tu. Nikauokota mpira. Ulikuwa na doa la chokaa ubavuni, nikalifuta kwenye kaptura yangu.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya upande wake, kiganja juu ya macho, akikinga jua.

"Nje?" akauliza.

"Nje, mzee. Kidogo tu. Pole sana."

Alinitazama, akautazama mstari, kisha akanitazama tena.

"Taib," akasema. "Wewe ndiye uliye karibu."

Baada ya hapo mzee hakuupiga mpira tena kwa ile nguvu yake, na mimi nikashinda. Nilipiga kelele ya ushindi peke yangu. Tulipopeana mikono kwenye neti alinishika kwa muda kidogo.

"Ahsante, mwanangu. Nimekuona."

"Karibu tena, mzee. Nitakufunza."

Akaenda zake akiburuta ule mguu. Odera alishuka ukutani, akajifuta suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Thoya, ule mpira..."

"Ule mpira nini?"

"Basi. Nimeuliza tu."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na kitu kidogo kifuani kinanikwaruza, kama mwiba wa samaki. Nikaoga, nikavaa shati langu jeupe na suruali iliyopigwa pasi, nikajimwagia manukato, ule mwiba nikausahau.

Tulikwenda watu wachache. Mama na leso yake mpya, mimi, na Baba mdogo Kazungu, ndugu wa marehemu baba, ambaye ni mtu wa maneno mawili kwa siku. Kahindi kwa desturi hakuja. Alibaki nyumbani akizunguka uani. Tulipokuwa tunatoka alinishika mkono, akaniambia, "Kaka, sina mwingine wa kunisemea ila wewe." Nikampiga begani, nikamwambia alale, aamke na mke.

Shangazi wa Mirriam alitupokea mlangoni kwa vigelegele na maneno mengi, akatuketisha kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa. Kulikuwa na wazee wawili majirani. Soda, mahamri, viazi vya karai, kila kitu kimepangwa. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikakohoa kidogo kusafisha koo.

Pazia la chumba cha ndani likafunguka, akaingia mwenye nyumba, akiburuta mguu wa kushoto.

Ni yule yule niliyemwachia jua asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu ya kahawia iliyopauka, na kichwani nywele zake bado zina unyevu wa kuoga. Akawapa mkono wote, akianza na Mama. Alipofika kwangu akanishika vile vile kama asubuhi.

"Karibu, mshenga. Mimi ndimi Samuel, babake Mirriam."

Nikasema, "Shikamoo," na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Marahaba. Karibu ukae."

Shangazi akaomba dua. Nikaomba na mimi, yangu ilikuwa moja tu, ardhi ipasuke. Haikupasuka. Baba mdogo akanigusa kwa kiwiko. Mama akaniangalia kwa fahari. Watu wote wananingoja mimi, mdomo mkubwa wa Bondeni.

Ningesema nini? Nilisimama, nikaitoa ile hotuba niliyokuwa nimeitunga. Ilikuwa imeshanikaa kichwani, haikuhitaji akili. Nikasema tumekuja kama watu waliosikia harufu ya ua wakalifuata. Nikasema kijana wetu ni mchapakazi na mcha Mungu. Kisha nikafika mahali nilipokuwa nimepapenda zaidi: "Na sisi, wazee wangu, mali hatuna, lakini tuna neno. Ukoo wetu akisema mtu ndiyo, ni ndiyo, na akisema la, ni la. Mtoto wenu hatadhulumiwa kwetu." Nilijisikia nikiyasema hayo. Mzee Samuel alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, bila kupepesa jicho. Kama angecheka ningeshukuru.

Nilipokaa, wale wazee majirani wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akasema, "Mshenga huyu mnaye."

"Ndiyo, amesema vizuri," Mzee Samuel akasema. "Nami nina swali moja kwake. Ila kwanza niwaeleze wenzangu jambo, maana hapa si wote wanaojua tenisi."

Shangazi akashangaa. "Samuel, tenisi imeingiaje kwenye posa?"

"Subiri, dada. Mchezo huu, tunaocheza sisi watu wa kawaida, hauna refa. Mpira wangu ukivuka neti ukaanguka upande wa mwenzangu, mimi niko mbali, mara nyingine na jua machoni. Siwezi kuona. Yeye ndiye atakayeniambia umeanguka ndani au nje, na mimi sina budi kumwamini. Nimecheza miaka yangu yote ya reli, na mtu nikitaka kumjua, humwita uwanjani. Nyinyi mwawauliza majirani na wenye duka."

Hapo nilijua kwamba hata safari yangu ya dukani ameisikia.

"Ninaye binti mmoja," akaendelea. "Nikiitika leo, atavuka kwenda kwenu. Yatakayompata huko sitayaona. Akiwa na raha au akiwa na machozi, nitategemea mtu aniambie, na mtu huyo ni mshenga. Kwa hivyo namuuliza mbele yenu. Thoya, mpira wangu wa asubuhi, ule uliouita nje. Ulikuwa ndani au nje?"

Baba mdogo Kazungu alinigeukia. "Mpira gani?" Hayo yalikuwa maneno yake mawili ya siku ile.

Na mimi, mjinga wa wajinga, badala ya kutubu nikafanya ninachokifanya bandarini. Nikatabasamu, nikatafuta njia ya kupenya.

"Mzee wangu, kwa kweli asubuhi ile na lile jua machoni, mtu anaweza akadhani..."

"Jua lilikuwa mgongoni mwako," akasema taratibu. "Machoni lilikuwa kwangu. Wewe ndiye uliyenipangia."

Mmoja wa wazee majirani akaweka chini chupa ya soda. Nilihisi uso unanichoma, masikio yanachoma, hata kope. Sikuweza kumtazama Mama, lakini yeye alikuwa ananitazama mimi, nililihisi jicho lake ubavuni.

"Thoya," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Umeulizwa neno moja na mtu mzima. Mjibu."

Wahenga walisema, ukivuliwa nguo, chutama. Nikachutama.

"Ulikuwa ndani."

"Sikusikia vizuri," akasema yule mzee jirani, na nadhani kweli hakusikia.

"Ulikuwa ndani! Ulianguka kwenye mstari. Chokaa iliruka nikaiona. Nikasema nje, kisha nikaifuta alama kwa kiatu ili mzee asije kuiona. Na nilimtukana pia, nilimwambia binti yake amnunulie mkongojo." Sijui kwa nini hilo la mkongojo nililisema, hakuna aliyeniuliza. Lilitoka tu. Nyuma ya pazia nikasikia mtu akivuta pumzi, na nikajua ni Mirriam.

Mama alijifunika mdomo na ncha ya leso. Mimi Mama simwogopi akifoka. Hapo hakufoka. Alijikunja tu kwenye kile kiti kizuri cha watu, akawa mdogo, na leso yake mpya aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo ikawa kama ya kufiwa. Mpaka leo nikiikumbuka leso ile natamani nijifiche.

Mzee Samuel akainuka. "Nilikuona ukifuta," akasema. "Nilikuwa nataka kujua kama na wewe ulijiona." Kisha akaingia ndani kwa binti yake, akarudisha pazia.

Tulikaa. Viazi vya karai vikapoa. Shangazi, yule mwenye ulimi, alipanga upya mahamri yaliyokuwa yamepangwa, na hilo nalo lilikuwa adhabu. Nilimfikiria Kahindi akizunguka uani, akitazama saa, akisema kaka yangu yuko huko ananisemea. Nikajiambia nimemuua ndugu yangu kwa mpira wa tenisi. Kwa pointi moja ya watu wa ukutani.

Mzee alirudi, akakaa.

"Nimemuuliza mwenyewe," akasema. "Asema yeye anaolewa na Kahindi, haolewi na kaka yake."

Shangazi akaachia kicheko, akakimeza.

"Kahindi nimemchunguza, hana neno," Mzee akaendelea, na sasa alikuwa anaongea na Baba mdogo na Mama, si na mimi. "Posa nimeipokea. Lakini mshenga mtaniletea mwingine. Huyu nikimuuliza mwanangu hajambo, akaniambia hajambo, usiku huo sitalala."

Hakusema kwa hasira. Bora angesema kwa hasira. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, Mama akasema, "Tumesikia, baba, na utusamehe," na mimi nikasimama pale na shati langu jeupe nisijue mikono niiweke wapi.

Njiani kurudi Bondeni nilitembea nyuma yao. Kahindi alitufungulia mlango, akatutazama nyuso mmoja mmoja, akabaki na uso wa Mama. Mama akamwambia, "Umepewa." Kahindi akaruka, akamkumbatia, akaja kunikumbatia mimi. "Nilijua, kaka! Nilijua kwa mdomo wako!" Ilibidi nimwambie mwenyewe, hapo hapo, mikono yake ikiwa bado mabegani mwangu. Nikaona furaha ikimtoka usoni polepole, kisha akajilazimisha kuirudisha kwa ajili yangu.

"Si kitu, kaka," akasema. "Madhali nimepata mke."

Laiti angenipiga kofi.

Mshenga mpya alikuwa Baba mdogo Kazungu. Siku ya kuzungumza mahari walikwenda, nami nikachukuliwa kubeba makreti ya soda. Nilibaki nje barazani nikilinda chupa tupu, nikisikia Baba mdogo akijibu ndiyo na hapana, ndiyo na hapana, na kila akisema, watu wanakubali. Mambo yakaisha upesi kuliko posa yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Na mji huu hausahau. Ukutani kulikuwa na Odera, na Odera akijua kitu Mbaraki yote inajua. Siku hizi naitwa Nje. Nikipita getini bandarini, "Nje, habari?" Mteja mmoja alinipigia simu akauliza kama ndiye Bwana Nje wa mizigo. Nikamjibu ndiyo, ningefanyaje?

Jumamosi iliyofuata baada ya mahari Mzee Samuel alimtuma Kahindi aniambie yuko uwanjani ananingoja. Nilikwenda kama anayepelekwa kituo cha polisi. Safari hii nilichukua upande wa jua bila kuambiwa. Sikutania, sikusema kitu. Kila mpira wake ulioanguka kwangu nilisema, "Ndani. Mzuri huo, mzee." Ukigusa mstari, ndani. Ukipita mstari kidogo, ndani. Nilitaka aone. Nilitaka mtu yule aondoke akiwa na jambo jema la kusema juu yangu, hata dogo.

Akapiga mmoja mrefu, ukaanguka nyuma ya mstari.

"Ndani!" nikasema.

Alishusha raketi. Akaja akizunguka neti, mguu ukiburuta udongo, mpaka upande wangu, akainama kwa taabu.

"Hii ni nini?"

"Alama ya mpira, mzee."

"Na chokaa iko wapi?"

Chokaa ilikuwa huku, alama kule. Katikati yao ungeweza kulaza vidole.

"Basi sema."

"Nje," nikasema kwa sauti ya chini, na ukutani nikasikia wanacheka kwa sababu ya lile jina.

Mzee hakucheka. Alijiinua akishikilia raketi yake kama mkongojo, na alijua kwamba nimeona hivyo.

"Juzi ulinidanganya kwa kuwa wanidharau," akasema. "Leo wanidanganya kwa kuwa waniogopa. Lini utaniambia tu kilichoko?"

Akarudi upande wake akanyanyua mkono, tuendelee. Nikaitazama ile alama kwenye udongo. Niliizunguka kwa mbali, nisije nikaigusa kwa kiatu, nikaenda kuuokota mpira.